Jagadish Chandra Bose: Aliyeyapa Mwelekeo Mawimbi Yasiyoonekana

Ukipita katika mitaa ya Mombasa, Malindi ama Lamu na kuinua macho juu ya mapaa, utaona madishi ya televisheni yamepangana, na yale ya kampuni moja yote yameangalia upande mmoja. Fundi anapofunga dishi jipya hupanda juu, mwenziwe akabaki sebuleni mbele ya televisheni, na kazi yao huwa ni kuitana: huyu ageuza kidogo, yule aarifu kama picha yaja au yapotea. Kulisogeza dishi kwa upana wa kidole kwatosha kuipoteza picha yote.

Sisi watu wa pwani jambo hili halitupi taabu kulielewa, kwani tumelelewa katika kuelekea. Mtu wa Mombasa anaposimama kusali huangalia kaskazini, kwa kuwa Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini mwa mji wetu, na ndiyo maana wazee wetu waliuita upande huo kibla. Twajua kwamba kusimama peke yake hakutoshi; ni lazima mtu asimame akielekea panapostahili.

Basi leo, msomaji mpenzi, tutazame maisha ya mtu ambaye, zaidi ya miaka 125 iliyopita, aliyafunza mawimbi ya simu ya upepo kuelekea. Mtu huyo ni Jagadish Chandra Bose wa Bengal. Vitabu vingi vinavyosimulia habari za redio humtaja kwa haraka na kupita, na wengine hawamtaji kabisa. Ila kila simu ya mkononi ya kisasa inayotumia mawimbi mafupi mno yafuata njia aliyoifungua yeye katika kijichumba kimoja mjini Calcutta.

MTOTO WA HAKIMU, JIRANI WA MVUVI

Bose alizaliwa tarehe 30 Novemba 1858 huko Mymensingh, sehemu iliyokuwa ya India ya Waingereza na ambayo siku hizi ni ya Bangladesh. Baba yake, Bhagawan Chandra Bose, alikuwa hakimu msaidizi katika serikali ya wakoloni. Watu wa cheo chake wakati ule walikuwa wakishindana kuwapeleka watoto wao katika shule za Kiingereza, lakini yeye alimpeleka mwanawe katika shule ya lugha ya Kibengali, akiamini kuwa mtoto ajue kwanza lugha ya mamake na watu wake kabla ya kujua ya wageni.

Darasani mtoto huyo wa hakimu aliketi kati ya wenzake wawili. Upande wake wa kulia alikaa mwana wa mtumishi Mwislamu wa baba yake, na upande wa kushoto mwana wa mvuvi. Kwa hao ndiko alikosikia kwanza hadithi za ndege, za wanyama na za viumbe wa majini, na uzeeni alikiri kwamba hamu yake ya kuyachunguza maumbile ilianzia hapo. Aliporudi nyumbani na rafiki zake, mama yake aliwapokea wote na kuwalisha pamoja pasi na kubagua, jambo ambalo katika nchi ile ya matabaka halikuwa dogo.

Kuna na kisa cha mtu aliyekuwa akimbeba kumpeleka shule. Mtu huyo alikuwa jambazi ambaye hakimu mwenyewe alimhukumu kifungo. Alipotoka jela bila kazi wala mtu wa kumwamini, hakimu yule yule alimwajiri amtunze mwanawe, na njiani akawa akimsimulia mtoto visa vya mapigano yake ya zamani.

Bwana Bhagawan alikuwa na moyo mkubwa kuliko mfuko wake. Alianzisha miradi ya kuwapatia vijana ufundi na kazi, mingi ikaanguka, akabaki na madeni mengi. Kijana Jagadish alikua akiyajua madeni hayo.

MIAKA MITATU BILA MSHAHARA

Baada ya masomo katika Chuo cha St. Xavier's mjini Calcutta, mji ambao siku hizi waitwa Kolkata, Bose alikwenda Uingereza kusomea udaktari. Homa ilimwandama, ikamlazimu kuuacha. Akaingia Chuo cha Christ's katika Cambridge kusoma sayansi, na miongoni mwa walimu wake alikuwa Lord Rayleigh, bingwa wa fizikia. Mwaka wa 1885 alirejea nyumbani na kuajiriwa kufundisha fizikia katika Chuo cha Presidency, Calcutta.

Hapo ndipo alipokutana na jaribio lake la kwanza. Kwa desturi ya wakoloni mwalimu wa Kihindi alilipwa theluthi mbili tu za mshahara wa mwalimu wa Kizungu. Bose, kwa kuwa aliandikwa kwa muda, alipewa nusu ya hizo theluthi mbili, yaani theluthi moja ya haki ya mtu afanyaye kazi iyo hiyo. Hakupiga kelele, hakuandamana, wala hakuacha kazi. Alifanya jambo gumu kuliko hayo yote: alifundisha kila siku kwa bidii, na kila mwezi alipoletewa mshahara akakataa kuupokea.

Aliendelea hivyo miaka mitatu. Katikati ya dhiki hiyo, mwaka wa 1887, alimwoa Bi. Abala Das, binti aliyekuwa amesomea udaktari huko Madras, na bibi huyo akavumilia naye. Mwishowe wakuu walishindwa na mtu ambaye hawakuweza kumlaumu kazini wala kumnyamazisha kwa fedha. Walimthibitisha kwa mshahara kamili na kumlipa malimbikizo yote ya miaka iliyopita, na fedha hizo zikasaidia kulipa madeni ya baba yake. Mvumilivu hula mbivu, lakini tusisahau kwamba kwa Bose uvumilivu ulikuwa wa kukataa, wala si wa kukubali dhuluma.

KIJICHUMBA NA FUNDI WA BATI

Mwaka wa 1894 ndipo alipoanza uchunguzi wa mawimbi ya umeme. Mjerumani Heinrich Hertz alikuwa tayari amethibitisha, kati ya mwaka wa 1886 na 1888, kwamba cheche ya umeme hutoa mawimbi yasiyoonekana yanayosafiri hewani kama nuru. Hertz alifariki mwanzoni mwa 1894 akiwa bado kijana. Bose alisoma habari za kazi hiyo, ikamshika moyo.

Chuo hakikuwa na maabara ya kumfaa. Alipata kijichumba kidogo kando ya bafu, na msaidizi wake alikuwa fundi wa bati asiyekuwa na elimu ya darasani. Vyombo walivitengeneza wenyewe. Hata hivyo wawili hao walifanya kazi ambayo maabara tajiri za Ulaya hazikuwa zimeifanya.

Hebu tueleze ilikuwa kazi gani. Mawimbi yana urefu, kama yalivyo ya bahari. Wimbi kubwa la kusi likifika kwenye nguzo ya gati huizunguka na kupita kama kwamba haipo. Lakini kiwimbi kidogo, kile kinachokwaruza tu uso wa maji, kikigonga nguzo hiyo hiyo hurudi nyuma, na upande wa pili maji hutulia. Mawimbi aliyotumia Hertz alipojaribu kuyakusanya kwa vioo vya bati yalikuwa na urefu wa sentimita 66 hivi, na kwa hivyo vioo vyenyewe ilibidi viwe virefu kumpita mtu. Bose aliona kwamba akitaka mawimbi yatii kama nuru juu ya meza ndogo, ni lazima ayafupishe. Akayafupisha hadi milimita 5, kiasi cha punje ya mchele. Wimbi kama hilo hutikisika mara bilioni 60 kwa sekunde moja.

Ufupi huo ndio siri yote. Wimbi likiwa fupi kuliko mdomo wa chombo linamotokea, halitawanyiki ovyo bali hutoka kama mwali mwembamba wa kurunzi. Faida yake ni kwamba nguvu yote huenda pale unapoielekeza. Hasara yake ni kwamba usipoielekeza sawasawa, mwenye kungojea hapati kitu.

KUELEKEZA KWA DIGRII

Kwa hivyo Bose alibuni vyombo vya kuelekezea. Cheche aliifungia ndani ya bomba ili mawimbi yatoke kwa mdomo mmoja tu. Upande wa kupokea aliweka faneli ya bati yenye pembe nne, pana mbele na nyembamba nyuma, ili iyakusanye mawimbi na kuyapeleka kwenye kinasio. Faneli hiyo ndiyo baba wa antena za pembe ambazo mafundi wa mitambo huzitumia mpaka hii leo, na katikati ya dishi lililo juu ya paa lako mna kijidude cha ukoo huo huo.

Kisha akatengeneza meza ya duara iliyochorwa digrii pembeni, mfano wa dira ya jahazi. Chombo cha kutoa mawimbi kilikaa mahali pamoja, na faneli ya kupokea ilikuwa juu ya mkono unaozunguka. Bose alikuwa akiusogeza mkono huo digrii kwa digrii huku akitazama sindano ya kipimo cha umeme. Palipokuwa pameelekeana, sindano ilishtuka. Alipopitiliza kidogo, ililala. Kwa njia hiyo alipima jinsi mawimbi yanavyorudishwa na bamba la chuma, na jinsi yanavyopinda yakipita katika vipande vya kiberiti na vioo.

Aligundua pia kuwa kuelekeana peke yake hakutoshi. Wimbi lina ulalo wake: laweza kutikisika wima au kwa mlalo, na mpokeaji naye hana budi kulala vivyo hivyo. Ili kuonyesha jambo hili hakuhitaji mashine ya gharama. Alichukua kitabu kinene cha ratiba za treni, akaweka karatasi za bati jembamba kati ya kurasa, na kitabu hicho kikawa mlango: kikishikwa hivi mawimbi yapita, kikigeuzwa vile yazuiwa. Alitumia hata nyuzi za juti, zile zile za magunia ambazo wachukuzi wa bandarini wanazijua kwa mabega yao. Alipozisokota, fungu la juti likaugeuza ulalo wa wimbi lililopita ndani yake.

Mwaka wa 1895 aliwaonyesha watu wa Calcutta kazi yake. Kutoka chumba kimoja alituma mawimbi yakapenya kuta mbili, na kwa umbali wa mita 23 yakalifanya kengele ilie na baruti ilipuke, pasipo waya wowote kati ya huku na huko. Mwaka uliofuata alikwenda Uingereza na vyombo vyake. Katika mkutano wa wanasayansi mjini Liverpool, yasimuliwa kwamba Lord Kelvin, mzee aliyekuwa akichechemea, alipanda ngazi mpaka walipoketi wanawake ili ampongeze Bi. Abala kwa kazi ya mumewe. Januari 1897 Bose alitoa mhadhara katika Royal Institution ya London, mbele ya wataalamu waliostaajabu kuona mambo makubwa kama hayo yakitoka katika vyombo vidogo vinavyokaa juu ya meza.

MALI ALIYOIKATAA

Sasa tufikie jambo ambalo watu wamelibishania tangu siku zile. Mwaka wa 1901, Bose alipokuwa London tena, tajiri mmoja wa biashara ya simu za upepo alimjia na karatasi mkononi. Alimtaka aandikishe hataza, yaani haki ya kisheria inayompa mvumbuzi peke yake faida ya uvumbuzi wake, naye tajiri awe mshirika. Bose alikataa. Kwake elimu haikuwa bidhaa ya kufungiwa dukani, na alimwandikia rafiki yake, mshairi Rabindranath Tagore, akimweleza hofu yake ya kunaswa na tamaa ya fedha.

Rafiki zake hawakuridhika. Mmoja wao, Bi. Sara Bull wa Marekani, alimsukuma mpaka ombi la hataza likapelekwa Marekani mwaka huo huo wa 1901, na likakubaliwa mwaka wa 1904. Lilihusu kinasio kilichotumia jiwe la galena, lenye madini ya risasi ndani yake. Redio za mwanzo zilizosikizwa na watu majumbani zilitumia mawe ya namna hiyo kwa miaka mingi. Lakini Bose hakuishughulikia hataza yake, akaiacha ikafa bila ya kumletea mali.

Desemba ya mwaka huo wa 1901, Mwitaliano Guglielmo Marconi alitangaza kuwa amepokea huko Newfoundland ishara iliyovuka bahari ya Atlantiki. Chombo cha kunasia alichokitumia kilifanana sana na kile cha chuma na zebaki ambacho Bose alikieleza katika makala iliyosomwa London mwaka wa 1899. Marconi alipata sifa, kampuni, na mwaka wa 1909 tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Karl Ferdinand Braun. Bose hakupata.

Je, Bose alikosea? Wako wanaosema kuwa mtu asiyeweka alama katika shamba lake asilalamike likilimwa na mwingine, na kwamba hasara ile haikuwa yake pekee bali ya nchi yake yote. Neno hilo lina uzito. Lakini ni haki tuseme pia kwamba Marconi alitafuta kitu kingine: umbali. Mawimbi marefu ndiyo yaliyovuka bahari, na mawimbi mafupi ya Bose hayangeweza. Dunia ya wakati ule haikuwa na haja nayo, ikayaweka kando kama jamvi lililokunjwa. Tena Bose mwenyewe hakulalamika. Yule aliyekataa mshahara pungufu kwa ajili ya heshima ndiye huyo huyo aliyekataa utajiri kwa ajili ya elimu, na kote kuwili mtu wake ni mmoja.

MIMEA NA TAASISI

Baada ya hapo Bose aligeukia mimea. Alitengeneza chombo cha kukuza mwendo wa mmea unaokua hata mara 10,000, akadai kuwa mimea nayo hushtuka na kupeleka ishara za umeme mwilini mwake. Wataalamu wengi wa Uingereza walimpinga vikali, na kuna makala yake yaliyokataliwa kuchapishwa. Baadhi ya madai yake yalipita kiasi, lakini kwamba mimea hupitisha ishara za umeme ni jambo linalokubaliwa leo.

Tarehe 30 Novemba 1917, siku aliyotimiza miaka 59, alifungua taasisi yake ya uchunguzi mjini Calcutta, na akaweka sharti kwamba uvumbuzi utakaofanywa humo usichukuliwe hataza, bali uwe mali ya watu wote. Mwaka huo huo alipewa cheo cha Sir, na mwaka wa 1920 akaingizwa katika Royal Society. Miongoni mwa wanafunzi aliowafundisha walikuwa Satyendra Nath Bose na Meghnad Saha, ambao majina yao yanajulikana popote fizikia inaposomeshwa. Bi. Abala kwa upande wake alijitolea kwa elimu ya wasichana na hali ya wajane. Bose alifariki huko Giridih tarehe 23 Novemba 1937, ikisalia wiki moja atimize miaka 79.

JAMVI LAKUNJULIWA

Baada ya kifo chake dunia iliyarudia mawimbi mafupi. Vita vilileta rada, na baadaye setilaiti zikahitaji madishi. Kituo cha Longonot hapa Kenya kilipofunguliwa mwaka wa 1970, dishi lake kubwa lilikuwa na kazi ile ile ya faneli ya Bose: kuelekea sawasawa. Katika miaka ya 1990 wanajimu wa Marekani walitumia fikra kutoka makala yake ya 1897 katika darubini yao ya redio huko Arizona.

Siku hizi simu za mkononi zimekuwa nyingi mno hata mawimbi marefu hayatoshi, na wahandisi wamelazimika kushuka kwenye mawimbi ya milimita. Huko wamekutana na tatizo lile lile la meza yenye digrii. Mnara hauwezi kugeuzwa kwa mkono kumfuata mtu apitaye njiani. Basi huwekwa antena ndogo nyingi pamoja, na kwa kuchelewesha ishara kidogo sana kati ya moja na nyingine, mwali huinama kulia au kushoto bila ya chuma kusogea. Kwanza mnara hutupa mwali mpana upande huu na huu, simu nayo hujibu ni upande upi imesikia vyema. Kisha mwali hufanywa mwembamba, na kumfuata mwenye simu atembeapo. Ukuta mnene, majani mabichi, hata kiganja cha mkono huweza kuukata, na mara moja hutafutwa njia nyingine. Yote hayo hufanyika kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Mwaka wa 2012 jumuiya ya kimataifa ya wahandisi wa umeme ilimtambua rasmi Bose kuwa wa kwanza kufanya majaribio ya mawasiliano kwa mawimbi ya milimita. Ilikuwa miaka 75 tangu afariki. Wahenga walisema wema hauozi. Kwa hivyo, msomaji, siku utakaposikia fundi juu ya paa akiuliza kama picha imekuja, mkumbuke yule mwalimu wa Calcutta na fundi wake wa bati, wakiusogeza mkono wa faneli digrii moja baada ya nyingine, macho yao kwenye sindano, wakingoja ishtuke.